Shajara ya kinamasi: wiki 12 za kuhesabu kereng'ende

Wiki ya 1

Vigingi 11 vimesimama, kimoja kila baada ya mita 20, kuanzia kwenye matete mazito hadi pale ukingo unapogeuka kuwa nyasi fupi na tope. Katikati kuna maji wazi yenye mayungiyungi. Huo ndio mstari wetu wa mita 200. Mimi na mpwa wangu tutautembea polepole mara mbili kwa wiki, kwa wiki 12, tukihesabu kila kereng'ende atakayeonekana ndani ya mita 5 kutoka ukingoni. Jua liwe linawaka, upepo usiwe mkali, na iwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Wingu likipita kereng'ende hujichimbia majanini na hesabu huporomoka, ilhali hakuna aliyeondoka.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari nimeandika swali la mradi: "Kinamasi hiki kinalea kereng'ende wa aina gani?"

Mpwa aliuliza kwa nini tusihesabu ndege, ambao angalau wana majina. Nilimjibu kuwa kereng'ende anaishi maisha mawili. Akiwa tunutu, yaani mchanga asiye na mabawa, hukaa majini miezi, wengine hata miaka. Akishaota mabawa hukaa hewani wiki chache tu. Maji yakichafuka anaumia, na matete yakifyekwa anaumia vilevile. Afrika Kusini wataalamu wametengeneza kipimo cha afya ya maji kwa kutumia kereng'ende peke yao: kila spishi ina alama kati ya 0 na 9, sifuri kwa ile inayoishi popote, tisa kwa ile yenye eneo dogo, iliyo hatarini na isiyovumilia uharibifu wowote. Na mwaka 2021 shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, IUCN, lilipozitathmini spishi 6,016 za dunia nzima, lilikuta asilimia 16 ziko katika hatari ya kutoweka, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ardhioevu zinaangamizwa. Mpwa alisikiliza yote, kisha akasema, "Sawa Mjomba, lakini majina hawana."

Wiki ya 2

Ana haki. Kiswahili kina kereng'ende mmoja tu, na majina ya kisayansi hayatamkiki ukiwa umesimama kwenye tope. Tumewabatiza wenyewe, na kando ya kila jina la utani nimeandika la kisayansi ili tusipotezane na vitabu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuyatenga makundi mawili makubwa. Wanene wakitua hutandaza mabawa ubavuni kama ndege ya abiria. Wembamba karibu wote huyakunja juu ya mgongo, na macho yao yametengana, moja huku na jingine kule, kama ncha mbili za nyundo. Hawa wembamba tumewaita sindano. Anayejaa zaidi hapa ni Ischnura senegalensis, mwenye kijitaa cha buluu karibu na ncha ya mkia, na huyo kwetu ndiye Sindano hasa. Miongoni mwa wanene yupo Mwekundu (Crocothemis erythraea), dume lenye rangi ya pilipili iliyoiva toka usoni hadi mkiani. Zambarau (Trithemis annulata). Na Mfalme (Anax imperator), kifua kijani, tumbo la buluu, ambaye hatui. Yeye hupiga doria juu ya maji wazi, na kila dume jingine likiingia hulifukuza hadi nje ya upeo wa darubini.

Halafu kuna Mfuata Nyayo, Brachythemis leucosticta, dume lenye ukanda mweusi kwenye kila bawa. Huyu amenipa taabu kuliko wote. Ukitembea kwenye nyasi fupi anakuja na wenzake, wanaruka chini chini kando ya gambuti zako, wakidaka vijidudu unavyovishtua. Ndivyo wanavyowafanyia wanyama wakubwa pia. Sasa niambie, mtu anahesabuje kitu kinachoandamana naye?

Hasara ya wiki: daftari lilianguka majini kwenye kigingi cha 6. Kurasa za penseli zimekauka na zinasomeka. Ukurasa mmoja niliouandika kwa kalamu ya wino umebaki wingu la buluu.

Wiki ya 3

Jumanne tulimaliza mstari na Wekundu 12 kwenye orodha. Nilikuwa nimefurahi. Mpwa alikuwa amenyamaza muda mrefu, na kijana huyu akinyamaza ujue kuna jambo.

"Mjomba, yule wa kigingi cha 4 ndiye huyu wa kigingi cha 6."

"Umejuaje?"

"Bawa lake la nyuma limemeguka. Tunamsogelea, anaruka mbele, anatusubiri. Tumemwandika mara tatu."

Nilitaka kubishana, nikakosa hoja. Alhamisi tulikwenda na wavu. Kumnasa Mwekundu si mchezo. Macho yake yana vijicho maelfu kwa maelfu, na kwa kereng'ende wakubwa idadi hufika kama 30,000 kwa kila jicho, kwa hiyo ukimjia kwa mbele amekuona kabla hujainua mkono. Ukimjia kwa nyuma, kutoka chini, unapata nafasi moja. Tulimshika kila mmoja kwa kuyakunja mabawa yote manne juu ya mgongo, katikati ya vidole viwili, tukaweka nukta ya wino usiofutika kwenye bawa, kisha tukamwachia. Nukta moja, nukta mbili, nukta mbili za bawa la kulia, na kadhalika.

Tulipotembea tena siku iliyofuata, "Wekundu 12" walikuwa madume manne. Manne! Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha ukingo na vijiti viwili vitatu anavyopenda kutua.

Tumebadilisha utaratibu. Sasa tunatembea kuelekea upande mmoja tu bila kurudi nyuma, dume lenye eneo lake linahesabiwa pale linapotua mara ya kwanza, na Mfuata Nyayo tunamhesabu tukiwa tumesimama tuli kwa dakika tano. Hesabu za wiki ya 2 nimezipiga mstari. Sikuzifuta, zibaki hapo zinitazame.

Wiki ya 4

Mvua siku tano. Hakuna hesabu.

Wiki ya 5

Mvua ilipokatika mbingu ilijaa. Kereng'ende wa rangi ya dhahabu iliyochakaa, mabawa mapana, hawatui, wanaelea na upepo juu ya nyasi kwa mamia. Mpwa alijaribu kuhesabu, akafika 140, akakata tamaa. Huyu hahitaji jina la utani la kufikiria sana: ni Msafiri, Pantala flavescens.

Charles Anderson, mwanabiolojia aliyekuwa akiishi Maldivi, aliona kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba kereng'ende wakivishukia visiwa vile kwa wingi wa ajabu, ilhali visiwa vyenyewe havina karibu maji yoyote yasiyo ya chumvi juu ya ardhi ambayo wangeweza kuzaliwa humo. Mwaka 2009 alichapisha hoja yake: wanatoka India, wanaivuka Bahari ya Hindi wakibebwa na pepo hadi Afrika ya Mashariki, na baadaye kizazi kingine kinarudi. Kwa makadirio yake mzunguko mzima ni kilomita 14,000 hadi 18,000, ukikamilishwa na vizazi kadhaa vinavyopokezana. Kumbe si majahazi peke yake yaliyoujua upepo wa kaskazi.

Wanafuata mvua kwa sababu wanataka madimbwi mapya, yasiyo na samaki bado. Tuliona jambo hilo hilo: nje kabisa ya kigingi cha 11, kando ya njia, mvua imeacha dimbwi lenye kina kisichofika goti. Jozi za Msafiri zilikuwa zikiruka zimeshikana, dume mbele, jike nyuma, na jike akigusagusa maji kwa ncha ya tumbo. Nimeandika: "Dimbwi, nje ya mstari, halihesabiwi."

Jioni nilipojumlisha wiki nikaona grafu yangu imepanda kama ukuta. Hapo neno "kinalea" la ukurasa wa kwanza likanikaa vibaya. Wadudu hawa jana hawakuwepo, na kesho huenda wasiwepo. Nikiandika kuwa kinamasi kina kereng'ende wengi mno, nitakuwa nimesema kweli juu ya upepo na uongo juu ya kinamasi. Na kama ni hivyo kwa Msafiri, nina hakika gani kuhusu Zambarau? Naye ana mabawa.

Wiki ya 6

Tumeamua kuongeza hesabu ya pili: maganda.

Tunutu akikomaa hupanda juu ya unyasi, ngozi hupasuka mgongoni, kereng'ende mwenye mabawa hutoka na kuacha ganda limeng'ang'ania pale pale, na miguu yote sita. Ganda haliruki. Halitufuati, halijirudii, halikuja na upepo. Ukiliokota kwenye kigingi cha 3 basi kuna tunutu aliyekulia kwenye maji ya kigingi cha 3. Nilijua haya tangu mwanzo, lakini nilikuwa nikitazama juu.

Utafutaji ni wa kupiga magoti. Unayapanua matete kwa mikono miwili na kutazama kuanzia usawa wa maji hadi urefu wa nusu mita, shina kwa shina. Mvua moja kali huyafagia, kwa hiyo tunapita kila baada ya siku mbili. Tunayahifadhi kwenye visanduku vya kiberiti, kila kigingi na kisanduku chake.

Leo: maganda 31. Kwa lenzi ya mkononi hayafanani hata kidogo. Ya sindano ni madogo, dhaifu, na nyuma huwa yanaonyesha mabaki ya vijani vitatu ambavyo tunutu alivitumia kupumulia. Ya Mfalme ni makubwa, marefu kama kidole cha mtoto, na mdomo wa chini umelala bapa. Ya akina Mwekundu na Zambarau ni mafupi na manene, na mdomo wa chini umeinuka kama kijiko na kuufunika uso mzima. Ganda likiwa limekakamaa unaliloweka kwenye maji ya uvuguvugu, mdomo unakunjuka wenyewe bila kukatika.

Wiki ya 7

Usiku wa kukesha. Nilitaka kumwona Mfalme akitoka, na yeye hutoka gizani.

Saa tatu kasorobo usiku, kwa taa iliyofungwa karatasi nyekundu, tulimwona tunutu akipanda teteni kwenye kigingi cha 5, akilowa, rangi ya tope. Alipanda kama mkono mmoja juu ya maji, akasimama, akajitikisa huku na huku kana kwamba anapima kama pana nafasi ya mabawa. Kisha kimya. Dakika ishirini na zaidi hakufanya lolote, na mpwa akaanza kusinzia.

Mgongo ukapasuka nyuma ya kichwa. Kilichotoka kwanza kilikuwa kifua, kimevimba, kijani kilichofifia, kikifuatwa na kichwa chenye macho ambayo bado hayana mng'ao. Akajivuta hadi miguu yote ikawa nje, na hapo akajilaza kinyumenyume, kichwa chini, ananing'inia kwa ncha ya tumbo iliyobaki ndani ya ganda. Ukimwona utasema amekufa. Alikaa hivyo karibu nusu saa. Miguu ilikuwa ikikauka na kupata nguvu. Ndani ya ganda lililo wazi zilionekana nyuzi nyeupe, ambazo ni utando wa ndani wa mirija yake ya hewa, umevuliwa pamoja na ngozi.

Ghafla akajikunja juu kama mtu anayeamka kitandani, akakishika kichwa cha ganda lake mwenyewe, na tumbo likachomoka lote. Mabawa yalikuwa vifundo vinne vilivyokunjamana. Yalijaa polepole toka shinani kwenda nchani, ya rangi ya maziwa, huku tumbo nalo likirefuka tone la maji likidondoka nchani. Mpaka saa sita usiku alikuwa na umbo lake kamili, mabawa yamefungwa juu ya mgongo. Sikujua kuwa Mfalme naye huanza maisha yake amekunja mabawa kama sindano. Alfajiri aliyafungua, yakalala ubavuni, na hayatafungwa hivyo tena. Saa kumi na moja na nusu akatetemeka, akaondoka moja kwa moja juu ya matete. Ganda lake lina namba: K5/17.

Kwenye tete la jirani wawili walikuwa wametokea wamebanana. Wa chini bawa moja lilikunjamana likakauka hivyo hivyo. Kulipokucha sisimizi walikuwa wameshamfikia. Tumeliokota ganda lake pia, maana kinamasi kilimlea.

Wiki ya 8

Hesabu ya kawaida. Zambarau 9, Mwekundu 5, Mfalme 3, Sindano 60 na kitu.

Kioja cha wiki kilitokea mbali na maji. Gari jeusi lilikuwa limeegeshwa juani, na jike la Mwekundu lilikuwa likigonga boneti kwa ncha ya tumbo, tena na tena, likitaga mayai juu ya rangi ya moto. Mpwa alicheka, mimi sikucheka. Kereng'ende hutambua maji kwa namna mwanga unavyopangika baada ya kugonga uso ulio laini, na uso mweusi unaong'aa huupanga mwanga huo vizuri kuliko maji yenyewe. Watafiti wa Hungaria akiwemo Gábor Horváth walionyesha mwaka 1998 kwamba kereng'ende huvutwa na madimbwi ya mafuta ghafi kuliko maji. Tumelifunika gari kwa turubai chakavu lisilong'aa. Jike lilizunguka mara mbili, likaondoka.

Wiki ya 9

Tunutu mmoja wa Mfalme yuko kwenye beseni kwa siku mbili, kisha atarudishwa. Tulimpa viluwiluwi vya mbu. Anakaa bila kusogea; kiluwiluwi kinapita mbele, na kabla hujapepesa macho hakipo. Mdomo wa chini, uliokuwa umekunjwa chini ya kichwa kama mkono chini ya kidevu, umefyatuka na kurudi. Tulimtazama mara kumi na hatukuuona ukitoka hata mara moja. Tuliuona ukirudi.

Ukimgusa mkiani anafanya jambo jingine: anaruka mbele bila kutumia miguu, na nyuma yake linabaki wingu dogo la matope. Matamvua yake yamo ndani, sehemu ya mwisho ya utumbo, kwa hiyo huvuta maji kwa nyuma ili apumue. Akitishwa huyatema maji hayo kwa nguvu na yanamsukuma. "Anapumua kwa huko na anakimbia kwa huko?" aliuliza mpwa. Ndiyo. Na huko huko ndiko anakotolea uchafu. Alikaa akilitafakari hilo kwa muda.

Wiki ya 10 na 11

Joto kali. Adhuhuri Zambarau wote wameinua matumbo wima kuelekea jua, kama vidole vinavyoonyesha mbinguni. Kwa mkao huo jua linapiga eneo dogo zaidi la mwili.

Kwenye mayungiyungi Sindano wamejaa wakiwa wameungana kwa umbo la moyo. Umbo ni la moyo ila mambo si ya mahaba sana. Mwaka 1979 Jonathan Waage alionyesha, kwa spishi moja ya kereng'ende wembamba, kuwa dume kabla ya kuweka mbegu zake kwanza huzikwangua na kuzitoa za dume lililotangulia. Ndiyo maana madume mengi hayaondoki baada ya tendo. Mwekundu hulielea juu jike lake likitaga. Msafiri haliachi kabisa, amelishika kisogoni. Mpwa ameandika pembeni mwa daftari, kwa mwandiko wake: "Wivu."

Msafiri ametoweka angani tangu wiki ya 8. Nimeandika sifuri kwa wiki nne mfululizo.

Wiki ya 12

Majumuisho. Waliohesabiwa wakiruka: spishi 14. Zilizoacha maganda ndani ya mstari: spishi 6. Zambarau, niliyemtilia shaka, ana maganda 40. Mfalme ana 23; kwa kuwa ganda la jike linaonyesha ala ya kutagia, tumeweza kuwatenga, majike 12 na madume 11. Mfuata Nyayo, aliyejaza kurasa za daftari kuliko yeyote, ana maganda mawili tu. Nane zilizobaki sina ushahidi wa kusema ni za hapa. Kwenye ukurasa wa kwanza nimelichora duara neno "kinalea" na kuandika chini yake: 6.

Nilikuwa nimeshaanza kung'oa vigingi mpwa aliponiita kutoka njiani.

"Mjomba, njoo na viberiti."

Alikuwa amechuchumaa kando ya lile dimbwi la wiki ya 5, nje ya kigingi cha 11. Limekauka hadi limebaki upana wa beseni, na tope la pembeni limepasuka vigae. Kwenye kila unyasi uliosimama kuzunguka maji yale kulikuwa na ganda, fupi, lenye mdomo wa kijiko na miiba mirefu ubavuni karibu na mkia. Tuliyalinganisha na michoro mara mbili. Msafiri. Siku 49 tangu tuwaone wakitaga, na huyu tunutu wake huweza kukomaa kwa siku 38 tu pakiwa na joto.

Tuliokota 57. Ndani ya maji yaliyobaki kulikuwa na tunutu watatu wakubwa, vijibawa vyao vimeshavimba. Nimekirudisha kigingi cha 11 ardhini, ila nimekisogeza mita 15, upande wa pili wa dimbwi. Kesho alfajiri tunarudi kuwatazama hao watatu.